LeMat, Mauser ya zigizaga, Nagant au Webley-Fosbery: uanze na rivolva ipi ya ajabu?

Itazame rivolva ya kawaida, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu ya risasi ndani yake, kwa ubavuni, ikiwa imekingama na dirisha, nawe utaona uzi mwembamba wa mwanga kati ya silinda na mtutu. Mwanya ule lazima uwepo, la sivyo silinda haizunguki. Lakini baruti ikiwaka, sehemu ya moto na gesi huchomokea hapo badala ya kuisukuma risasi. Hilo ni lalamiko moja. Yapo mengine: risasi chache, kujaza kunakochosha, kifyatulio kizito kwa sababu kidole kimoja kinazungusha silinda na kuinua nyundo kwa pamoja. Karibu kila rivolva ya kale inayoonekana kama kituko ilibuniwa na mtu aliyechoshwa na mojawapo ya malalamiko hayo, akaamua kulitibu hata kama dawa ingekuwa chungu kuliko ugonjwa.

Mimi huchonga mifano ya mbao ya mitambo ya zamani. Haifyatui chochote, ni ya kuonyesha tu jinsi kitu kinavyosogea ndani. Wanaonijia na swali la rivolva huwa ni wachora vibonzo, vijana wanaounda vifaa vya michezo ya kompyuta, walimu wa ufundi, na wachache wanaoandika hadithi za zamani. Wote hukwama pale pale: wameona picha nne au tano za ajabu, wana muda wa kuichunguza moja vizuri, na hawajui waanze na ipi. Makala haya ni yao. Kumiliki silaha yenyewe ni habari nyingine: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na usidhani uzee wa bastola unakuruhusu kuiweka kabatini bila kuuliza.

Kwanza, ya kawaida hufanyaje kazi?

Huwezi kuona ajabu ya kitu bila kujua kawaida yake. Katika rivolva nyingi za karne ya 19, ukivuta nyundo, kidole kidogo cha chuma huinuka nyuma ya silinda na kusukuma jino moja kati ya meno yaliyochongwa mgongoni mwake. Silinda ikishasogea tundu moja, komeo huchomoza kutoka chini na kuingia kwenye kidimbwi kilichochongwa ubavuni mwake, ili isipitilize. Ukivuta kifyatulio, nyundo hudondoka. Samuel Colt alipata hataza ya Marekani ya mpango wa namna hiyo tarehe 25 Februari 1836, na waliomfuata wengi walitembea katika nyayo zake.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi hatua za historia hii. Gumegume ni bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe. Fataki ni kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Kati ya rivolva nne ninazozilinganisha hapa, LeMat asilia ni ya fataki na mdeki. Tatu zilizobaki ni za risasi zenye ganda la chuma. Kabla hujaenda mbali, jiulize kama unataka kuchora vidole vinavyoshindilia baruti au vidole vinavyochomeka risasi iliyo tayari. Wapo waliolipata jibu lao hapo hapo.

Vipimo nitakavyotumia

Kila moja nitaiuliza mambo yale yale: ilitaka kutibu lalamiko gani, inavyofanya kazi, inavyojazwa na kutolewa maganda, inapokwama, na inamfaa nani. Sitaangalia ipi ilikuwa silaha bora vitani. Mchoraji na mwalimu hawapigani na mtu, wanachohitaji ni mtambo unaoeleweka na unaoweza kupatiwa picha na michoro ya kutosha. Bei za mnadani nazo nimeziacha.

LeMat (1856)

*Ilitaka kutibu nini.* Uchache wa risasi, na kukosa kitu cha nguvu adui akishafika pua kwa pua. Mbunifu wake, Jean Alexandre Le Mat, alikuwa daktari mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia New Orleans.

*Inavyofanya kazi.* Rivolva nyingine zina ufito wa chuma katikati ya silinda, silinda huzungukia hapo. Le Mat aliutazama ufito ule akaona ni nafasi inayopotea bure. Akaweka mahali pake mtutu wa pili, mnene, laini kwa ndani, wa kufyatulia marisao, yaani vidonge vingi vidogo vya risasi kwa mpigo mmoja. Silinda ya matundu tisa huzunguka juu ya mtutu huo kama gurudumu juu ya ekseli, na risasi zake hutokea kwenye mtutu wa kawaida ulioko juu. Kwa hiyo ukiitazama kwa mbele unaona macho mawili: dogo juu, kubwa chini.

Nyundo ni moja. Inajuaje igonge wapi? Ncha yake imefungwa kwa bawaba. Ikiwa imeinuliwa hugonga fataki ya tundu lililofika juu ya silinda. Ukiishusha kwa kidole gumba hugonga fataki ya mtutu wa marisao. Kwangu mimi, kijichuma hicho kinachoinuka na kushuka ndicho roho ya LeMat, na ndicho wachoraji wengi husahau kukiweka.

*Kujaza.* Hapa ndipo penye jasho. Kila tundu linataka baruti, risasi, kushindilia, kisha fataki upande wa nyuma. Fanya hivyo mara tisa, halafu uanze na mtutu wa marisao. Matoleo ya baadaye yalitengenezwa kwa risasi zenye ganda, lakini yaliyojulikana sana ni yale ya fataki.

*Inapokwama.* Uzito wake ni kama kilo 1.4 ikiwa tupu. Kipenyo cha matundu yake, .42 ya inchi, hakikulingana na .36 na .44 zilizotapakaa wakati ule, hivyo mwenye nayo alitakiwa kujitegemea kwa risasi. Baada ya chache kutengenezwa Philadelphia, kazi ilihamia Paris, na bastola zikawa zinavuka bahari kuelekea majimbo ya Kusini ya Marekani yaliyojitenga, huku jeshi la majini la Kaskazini limeziba bandari. Zote kwa jumla hutajwa kuwa kama 2,900. Majenerali wa Kusini P. G. T. Beauregard na J. E. B. Stuart ni kati ya waliobeba LeMat.

*Inamfaa nani.* Anayetaka umbo linalotambulika kwa mbali. Hata mtoto ataona kuwa ile yenye midomo miwili si ya kawaida. Inamfaa pia mwandishi wa hadithi, kwa kuwa kuna tukio zima ndani ya kile kitendo cha kushusha ncha ya nyundo. Picha na michoro ya vipande si shida, maana kampuni ya Pietta ya Italia imekuwa ikitengeneza nakala zake. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha mwendo wa kuzungusha, LeMat haina jipya sana: nyuma ya kioja chake, silinda husukumwa na kidole na meno kama kwa Colt.

Mauser C78, "ya zigizaga" (1878)

*Ilitaka kutibu nini.* Yale meno mgongoni mwa silinda. Ni madogo, yanalika, na yakilika silinda haifiki sawasawa mbele ya mtutu. Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, aliyeshajipatia jina kwa bunduki ndefu, aliyaondoa kabisa.

*Inavyofanya kazi.* Badala ya meno, ngozi ya nje ya silinda imechongwa mifereji: mmoja ulionyooka kufuata urefu wa silinda, wa pili wa mshazari, kisha ulionyooka, kisha wa mshazari, mpaka izunguke yote. Chini ya silinda kuna kipande kinachoteleza mbele na nyuma, na juu yake pini iliyozama ndani ya mfereji. Nyundo inapoinuka, kipande huteleza, pini hubana ukuta wa mfereji wa mshazari, na silinda haina budi kuzunguka sehemu moja ya sita. Pini ikirudi, hupita kwenye mfereji ulionyooka, kwa hiyo silinda hutulia. Pini hiyo hiyo inazungusha na inashikilia. Kazi mbili, kipande kimoja.

Maneno hayatoshi, kwa hiyo nitakueleza nilivyofanya. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la maji, nikalizungushia karatasi, nikaikata ikatoshe mzunguko mmoja. Nikaitandaza mezani, nikaigawa safu sita zilizo sawa. Kila mpaka wa safu nikauchora mstari ulionyooka, kisha kutoka chini ya mstari mmoja nikapandisha mshazari hadi juu ya mstari unaofuata. Nikaibandika tena kwenye bomba, nikashika penseli isiyoyumba kushoto wala kulia, nikaisogeza juu na chini tu huku mwenzangu akilizungusha bomba ili ncha isitoke mstarini. Baada ya safari sita bomba lilikuwa limerudi mwanzo. Fundi seremala aliyekuwa akitutazama, mtu wa maneno machache, alisema, "Kumbe ni skrubu iliyokatwakatwa." Sijasikia maelezo bora zaidi.

Nilipohamia kwenye mbao nilikosea. Mshazari niliufanya mkali mno, msumari ukang'ang'ania ukutani na silinda ikagoma. Nilipoulaza zaidi kufuata urefu wa silinda, ikateleza. Lakini kufanya hivyo kulidai silinda ndefu zaidi. Kosa la pili lilikuwa kwenye kona: msumari ulirudi kwenye mshazari ule ule uliotokea, na silinda ikarudi nayo kinyumenyume. Ilinibidi nisogeze kona kidogo ili ncha iangukie mfereji unaofuata. Ukiifungua kalamu ya kubonyeza utakuta akili inayofanana na hiyo: meno yaliyolazwa mshazari yanageuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko mdogo.

*Kujaza.* Kuna matoleo mawili. La kwanza lina fremu isiyofunguka, unajaza moja moja kwa kilango cha pembeni. La pili ndilo la kuvutia: mbele ya kifyatulio kuna pete, ukiifungua, mtutu na silinda vinainuka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, na maganda yote yanasukumwa nje kwa pamoja.

*Inapokwama.* Jeshi la Ujerumani liliipima likaikataa. Likachagua rivolva ya kawaida, Reichsrevolver ya 1879, isiyokuwa hata na kifaa chake cha kutolea maganda. Askari alitakiwa ayachokoe kwa kijiti. Kwa mtazamo wa bwana bohari uamuzi ule unaeleweka: vipande vichache, bei ndogo, na mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Mifereji ya Mauser inadai kuchongwa kwa usahihi, na uchafu ukijaa ndani yake mwendo unakuwa mzito. Matokeo yake zilitengenezwa chache, na picha za ndani yake si rahisi kupata kama za LeMat au Nagant.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa ufundi, kwanza kabisa. Pia muundaji wa mifano ya kompyuta anayetaka kitu kinachosogea kwa uzuri hata bila kufyatua. Kwa mwandishi wa hadithi haina msaada mkubwa: mhusika aliyeishika haoni tofauti yoyote mkononi mwake.

Nagant ya 1895

*Ilitaka kutibu nini.* Mwanya. Ule ule uzi wa mwanga niliouanzia.

Wazo la kuuziba mwanya huu halikuanza na Nagant. Elisha Collier wa Boston, aliyepata hataza Uingereza mwaka 1818 kwa rivolva ya gumegume, tayari alikuwa na silinda inayosogea mbele ili mdomo wa tundu uvae mwisho wa mtutu. Na kule Liège, Ubelgiji, Henri Pieper alikuwa kwenye njia hiyo hiyo kabla ya jirani yake Léon Nagant. Lakini ni Nagant aliyepata mteja mkubwa: Urusi.

*Inavyofanya kazi.* Ukivuta nyundo, silinda huzunguka kwa kidole na meno kama kawaida. Kisha jambo la ajabu: silinda nzima husogezwa mbele, na mdomo wa tundu lililo juu huikumbatia pua ya mtutu. Kipande kingine hukaa nyuma ya risasi ili isirudi. Ukiachia kifyatulio, springi huirudisha silinda nyuma, mwanya unafunguka, mzunguko mwingine unawezekana. Ukitazama kwa ubavuni, silinda inapumua: mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Hata hivyo, chuma kukumbatia chuma hakuzibi gesi vizuri. Siri iko kwenye risasi. Katika risasi nyingi, kichwa cha madini hutokeza nje ya ganda. Risasi ya Nagant, milimita 7.62 × 38, imezama yote ndani, na ganda limeendelea mbele yake, mdomo wake ukiwa umebanwa kidogo. Kwa mtu asiyejua, inaonekana kama risasi ambayo haikumaliziwa kiwandani. Silinda ikisogea mbele, mdomo huo wa ganda huingia ndani ya mtutu. Baruti ikiwaka, shaba nyembamba inatanuka na kubana kuta za pande zote, kama mpira wa pampu unavyobana ndani ya pampu ya baiskeli. Hapo ndipo mwanya unapozibwa.

Ukiichora Nagant na ukaweka risasi ya kawaida mezani pembeni yake, anayeijua atacheka. Mara mbili nimeona kosa hilo kwenye michoro iliyofanywa kwa ustadi mkubwa.

*Kujaza.* Matundu saba, kilango upande wa kulia, risasi moja moja. Kutoa maganda ni vivyo hivyo: unavuta ufito uliojificha ndani ya mhimili wa silinda, unauelekeza mbele ya tundu, unasukuma ganda moja, unazungusha, unasukuma la pili. Kwa rivolva yenye akili namna hii kwenye mwanya, uvivu wa upande wa kujaza unashangaza. Inaonekana nguvu zote za mbunifu ziliishia mbele ya silinda.

*Inapokwama.* Kifyatulio. Kidole kinazungusha silinda, kinaisukuma mbele dhidi ya springi na kuinua nyundo, vyote kwa mvuto mmoja, hivyo ni kizito cha kusifika kwa ubaya. Askari wa kawaida, hapo mwanzo, walipewa toleo ambalo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kwanza. Maafisa ndio waliopewa la kuvuta kifyatulio moja kwa moja. Na faida yenyewe? Risasi iliongeza mwendo kidogo, ila si kwa kiasi cha kumfanya jirani abadilishe yake. Faida ambayo haikutegemewa ilikuja baadaye: kwa kuwa hakuna sauti inayovujia pembeni, kifaa cha kupunguza mlio kilifanya kazi kwenye Nagant wakati kwenye rivolva nyingine hakina maana. Warusi walitengeneza kifaa cha namna hiyo, kikaitwa BraMit, kifupi cha "ndugu Mitin" waliokibuni.

Kiwanda cha Tula kilianza kuzitengeneza mwaka 1898, na kazi ikaendelea hata Vita vya Pili vya Dunia vilipopiga hodi. Zilizotengenezwa zinazidi milioni mbili. Kwa hiyo hii ndiyo ya ajabu pekee katika nne hizi iliyopata kuwa ya kawaida.

*Inamfaa nani.* Anayependa swali la fizikia ndani ya chuma: gesi, shinikizo, ganda linalotanuka. Inamfaa mwandishi wa hadithi za Urusi, kuanzia enzi za Tsar hadi za Stalin, kwa kuwa inavuka nyakati zote mbili bila kubadilika sana. Na inamfaa mwenye haraka, maana picha, vitabu vya maelekezo na michoro ya vipande vyake imejaa.

Webley-Fosbery (hataza 1895, sokoni 1901)

*Ilitaka kutibu nini.* Kifyatulio kizito na teke la kurudi nyuma, kwa pamoja. Luteni Kanali George Vincent Fosbery, aliyepata nishani ya Msalaba wa Victoria kwa mapigano ya mwaka 1863 kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya wakati ule, alijiuliza swali jepesi: kama bunduki inarudi nyuma kwa nguvu kila ikipiga, kwa nini nguvu hiyo isifanye kazi badala ya kuumiza mkono?

*Inavyofanya kazi.* Rivolva imegawanyika mara mbili. Chini kuna mpini na kifyatulio, mkononi mwako. Juu kuna mtutu, silinda na nyundo, vinavyoteleza kwenye reli. Ukifyatua, sehemu yote ya juu inarudi nyuma na kuinua nyundo. Springi inairudisha mbele. Pini imesimama kwenye fremu ya chini, na silinda ina mifereji ya zigizaga. Wakati wa kurudi nyuma silinda inazunguka sehemu moja ya kumi na mbili, wakati wa kwenda mbele inazunguka nyingine kama hiyo. Jumla, moja ya sita: tundu jipya liko tayari, nyundo iko juu, na kidole hakijafanya lolote zaidi ya kugusa.

Rudi kwenye karatasi ya bomba. Kwa Mauser tulikuwa na mshazari mmoja na mstari mmoja ulionyooka. Kwa Fosbery futa minyoofu. Weka mishazari ya kupanda na ya kushuka tu, kama meno ya msumeno. Halafu geuza mawazo: kwa Mauser pini ndiyo inayotembea na silinda inazunguka pale pale, kwa Fosbery pini imesimama na silinda ndiyo inayoteleza. Na kinachosukuma si kidole tena bali lile teke.

*Kujaza.* Raha tupu. Inavunjika katikati kama rivolva nyingine za Webley, kampuni ya Uingereza iliyoitengeneza, mtutu unainama, na kinyota kinayasukuma maganda yote nje. Ile ya .455 ina matundu sita, ya.38 iliyofuata ina manane, na kwayo mifereji inagawanywa kwa nane.

*Inapokwama.* Inataka mkono imara. Kiwiko kikilegea, sehemu ya juu hairudi nyuma ya kutosha na mzunguko unaishia njiani. Reli na mifereji iko wazi, na matope ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia hayakuwa na huruma na vitu vilivyo wazi. Ina hata kizuizi cha usalama, kitu ambacho karibu rivolva zote hazina, kwa kuwa ni desturi kuibeba nyundo ikiwa juu tayari. Jeshi la Uingereza halikuichukua rasmi. Maafisa waliotaka walijinunulia. Kwenye viwanja vya shabaha ndipo ilipong'ara: mwaka 1902 mlenga shabaha Walter Winans alipiga risasi sita kwa sekunde saba, kwa umbali wa hatua 12, zote katikati. Zilizotengenezwa hazifiki 5,000.

*Inamfaa nani.* Muundaji wa mifano ya kompyuta mwenye uvumilivu, kwani mwendo wake ni mzuri kuliko zote nne lakini una tabaka mbili zinazosogea kwa nyakati tofauti. Mwandishi pia: mhusika anaweza kushindwa kwa sababu ya kiwiko chake mwenyewe, jambo ambalo msomaji ataliamini. Isikuvutie kama ndiyo kwanza unaanza kuchora mitambo. Utachoka kabla ya reli kukamilika.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa umbo, LeMat na Webley-Fosbery zinajitangaza. Nagant inaonekana ya kawaida mpaka ipumue, na Mauser inakaa katikati, mifereji yake ikionekana vizuri picha ikiwa ya karibu. Kwa urahisi wa kueleza mtambo kwa mtu asiyejua lolote, Mauser haina mpinzani, ikifuatiwa na LeMat. Kwa kujaza, Mauser ya kufunguka na Fosbery ziko mbele sana, Nagant inajikokota, na LeMat inataka mtu asiye na haraka. Kwa wingi wa picha na michoro, Nagant kwanza, LeMat pili, Fosbery tatu, Mauser mwisho.

Upande wa makumbusho: Oberndorf kuna makumbusho ya silaha katika mji wa Mauser mwenyewe, Tula kuna yake, Liège kuna mkusanyiko wa silaha ndani ya Grand Curtius, na Leeds, Uingereza, kuna Royal Armouries. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaweza kwenda kuangalia kwa macho; sisi wengine tutumie picha zao.

Nimeulizwa kwa nini sikuweka ile ya "Apache" ya Louis Dolne wa Liège, yenye kisu na pete za kuvaa vidoleni, wala ile ya Turbiaux ya 1882 inayofichwa kiganjani na kubanwa ngumi. Zinapendeza machoni. Lakini Apache haina mtutu kabisa, na ajabu yake ni ya kukunja na kukunjua kuliko ya kuzungusha. Ya Turbiaux ina matundu yaliyopangwa kama miale ya jua, na inastahili makala yake peke yake.

Kwa hali yako

Ukiwa mchora vibonzo unayetaka msomaji ashtuke ukurasa wa kwanza, chukua LeMat, na usisahau bawaba ya nyundo. Hadithi yako ikiwa Marekani ya 1862 ndiyo pekee kati ya hizi iliyokuwepo; usimpe mhusika wako nyingine yoyote.

Ukiandika kuhusu Urusi, au una wiki moja tu na unahitaji michoro mingi ya kuaminika, Nagant. Chora risasi yake kwanza, bastola baadaye.

Ukiunda mfano wa kompyuta wa kuonyesha kazi yako kwa waajiri, na una miezi, Webley-Fosbery ina kila kitu cha kuonyesha: reli, springi, mifereji, kuvunjika katikati. Ukiwa na majuma mawili, Mauser ya kufunguka inatosha.

Na kama ni mwalimu mwenye darasa la watoto arobaini, kipindi cha dakika themanini na hakuna bajeti, tafuta vipande kumi vya bomba, karatasi, rula na penseli. Nusu ya darasa wachore mistari ya Mauser, nusu ya Fosbery, wakibadilishana mabomba dakika kumi za mwisho. Wakate karatasi baada ya kuzungushia bomba, wasipime kwa macho. Safu ya sita ikikosa kukutana na ya kwanza, ncha ya penseli itaruka na kuchana karatasi hapo hapo kwenye maungio.